Barua ya wazi: Kabla hamjamshtaki aliyeng'oa mahindi, mwulizeni shamba ni la nani

Kwa:
Waziri wa Katiba na Sheria,
Mkurugenzi wa Mashtaka,
Inspekta Jenerali wa Polisi.

YAH: KOSA LA KUHARIBU MALI NA MIGOGORO YA ARDHI VIJIJINI

Waheshimiwa,

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika Mkoa wa Morogoro, mmoja wa wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sina digrii ya sheria. Kazi yangu ni kukaa na watu kwenye benchi la nje ya kituo cha polisi au kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, kuwasomea karatasi walizopewa na kuwaeleza pa kwenda. Kati ya karatasi hizo ipo moja inayorudi kila msimu wa kupanda, na kurudi tena wakati wa kuvuna: hati ya mashtaka ya kuharibu mali kwa makusudi, kinyume na kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hesabu ya vifungu vya toleo la mwaka 2022.

Ombi langu nalitanguliza ili hata asiyefika mwisho awe amelisikia. Mtu anayesema shamba ni lake asifikishwe mahakamani kwa kosa hili mpaka mpelelezi awe ameliandika dai lake kama alivyolitamka, na mpaka mwendesha mashtaka awe amelipima. Jambo hili halihitaji sheria mpya. Iliyopo inatosha, ila inasomwa nusunusu.

Nitoe mfano mmoja, majina niyaache. Mama mmoja alikwenda wilaya ya jirani kuuguza. Aliporudi akakuta shamba aliloachiwa na marehemu baba yake limelimwa na kupandwa mahindi, yameshafika magotini. Aliyelima ni jirani, na mkononi ana karatasi ya mauziano iliyosainiwa na kaka wa huyo mama. Mama hakwenda kwa mwenyekiti. Aliingia shambani mchana kweupe, watu wakipita, akang'oa tuta moja baada ya jingine mpaka akachoka, akayalaza mahindi pembeni ya njia. Kisha akaenda mwenyewe mpaka kwa jirani kumwambia: nimeyang'oa, njoo uwachukulie ng'ombe wako. Jioni ile alikamatwa. Ilikuwa Ijumaa, na mwenye uzoefu na vituo vyetu anajua maana ya kukamatwa Ijumaa jioni.

Maelezo yake ya onyo, yale polisi wanayomwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya kuhusu haki zake, niliyaona baadaye. Yalikuwa na mstari huu: "Ni kweli niling'oa mahindi hayo." Nukta. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu: amekiri. Nilipomwuliza alichosema hasa, alinijibu bila kufikiri: "Niliwaambia nimeyang'oa kwa sababu lile ni shamba la baba yangu." Nusu ya pili ya sentensi haikuandikwa, na utetezi wake wote ulikuwa humo.

Kifungu chenyewe ni kifupi. Kinamtia hatiani mtu ambaye kwa makusudi na isivyo halali anateketeza au anaharibu mali yoyote, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Kenya wana kifungu pacha, cha 339, chenye miaka 5. Sheria hizi mbili ni ndugu. Zilitungwa enzi za ukoloni, na maneno yake mengi yanatoka kwenye sheria ya jinai ya Queensland, Australia, iliyoandikwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaodhani utetezi nitakaoueleza ni ujanja uliobuniwa na mawakili wa mjini. Umekuwamo humo tangu mwanzo.

Upande wa mashtaka una mambo ya kuthibitisha, na yote lazima yasimame pamoja bila kuacha shaka ya maana: kwamba kuna mali iliyoharibiwa kweli, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba aliyeiharibu ni huyu mshtakiwa na si mwingine, kwamba alifanya kwa makusudi, na kwamba hakuwa na haki wala ruhusa ya kisheria. Likikosekana moja, kesi imekwisha, hata kama mengine manne yamethibitishwa kwa mashahidi ishirini.

Kwenye kesi za mashambani, la kwanza na la tatu kwa kawaida hayana ubishi. Mahindi yameng'olewa, na aliyeng'oa anasema mwenyewe. Wapelelezi wetu hutosheka hapo, faili likafungwa, likapelekwa. Yaliyobaki ndiyo yenye kesi.

Nianze na umiliki. Mahakama ya jinai haina kazi ya kugawa mashamba. Jambo hili halijaanza jana: kwenye Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1992, ukurasa wa 110, ipo hukumu ya Mahakama Kuu inayosema kuwa shtaka la kuingia kwa jinai, yaani kuingia isivyo halali kwenye ardhi ya mwingine, haliwezi kusimama pale ambapo ardhi yenyewe ina mgogoro na umiliki wake haujaamuliwa kwa kesi ya madai. Kesi ile ilihusu kuingia kwa jinai, kifungu cha 299. Lakini nionyesheni hati ya mashtaka ya kijijini ambayo makosa haya mawili hayakuandikwa sambamba, la kwanza kuingia, la pili kuharibu. Hoja inayoliangusha la kwanza inalitikisa na la pili, kwa sababu huwezi kusema mahindi yaliyoota kwenye ardhi hii ni mali ya fulani aliyeharibiwa, na mshtakiwa hakuwa na haki ya kuyagusa, kabla hujajua ardhi ni ya nani. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu hukumu hiyo, na bado kuna mahakimu wanaosikiliza mashahidi wa mipaka, wazee waliopanda minyaa na waliochimba mtaro, ndani ya kesi ya jinai, halafu mwisho wanaamua nani mwenye shamba kwa kumfunga mwingine.

La isivyo halali ndilo nililoandikia barua hii. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu hiyo hiyo kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa kosa linalohusu mali iwapo alichokifanya kwenye mali hiyo alikifanya akitumia haki anayoamini kwa dhati kuwa anayo, na hakuwa na nia ya kulaghai. Tazameni kinachotakiwa hapo. Haitakiwi kuthibitisha kwamba haki hiyo ipo. Yule mama si lazima aonyeshe hati ya hakimiliki ya kimila wala barua ya usimamizi wa mirathi. Inawezekana kabisa kwamba kaka yake alikuwa na mamlaka ya kuuza, na jirani ndiye mwenye haki. Hayo yataamuliwa kwingine, na akishindwa huko atalipa fidia ya mahindi ya watu. Swali la jinai ni dogo kuliko hilo: siku anaingia pale, aliamini kwa dhati kwamba ni kwake?

Imani hiyo inapimika, na si kazi ngumu. Alifanya mchana au usiku? Alijificha au alikwenda kumwambia aliyelima? Kuna historia ya familia yake kulima pale? Amewahi kulalamika mahali popote, kwa mjumbe, kwa mwenyekiti, kwa mtendaji? Mpelelezi mwenye baiskeli na daftari anamaliza maswali haya kwa asubuhi moja.

Najua hofu yenu, na ni hofu ya haki. Mkisema kila anayedai shamba ni lake aachiwe, kijiji kizima kitajichukulia sheria mkononi. Sisemi hivyo, na kifungu cha 9 hakisemi hivyo. Aliyeshindwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akasomewa uamuzi, hakukata rufaa, halafu msimu unaofuata akarudi na panga kufyeka migomba ya mshindi, huyo hana imani ya dhati tena. Ana ubishi. Mshtakini. Vivyo hivyo aliyetia moto. Kuchoma mazao shambani kuna kifungu chake chenye adhabu ya hadi miaka 14, na kuchoma nyumba kunafika kifungo cha maisha, na mwenye kuvizia usiku na kiberiti ana kazi kubwa kunishawishi kwamba alikuwa anadai haki yake. Dai la kweli halivai koti la usiku. Tofauti kati ya watu hawa na yule mama ni kubwa mno, lakini hati zao za mashtaka ukiziweka mezani pamoja zinafanana mpaka kwenye makosa ya tahajia.

Limebaki makusudi, na hapa sina budi kuwasema ng'ombe, maana Morogoro huwezi kuzungumzia uharibifu wa mali ukawaacha ng'ombe nje. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo kila mkuu wa kituo katika bonde hili anajua kwamba mpunga ulioliwa si jambo dogo, na naelewa kwa nini akisikia mifugo imeingia shambani anakimbilia kumweka mtu ndani. Ila makusudi hayathibitishwi na kwato. Kwato zinaonyesha kwamba ng'ombe walipita. Kumtia hatiani mchungaji unahitaji kuonyesha kwamba aliwaswaga humo, au aliwaona wanaingia akawaacha akijua kitakachotokea. Kijana aliyelala chini ya mti kundi likamponyoka amezembea, na uzembe una dawa yake: fidia kwa mkulima, na mwenye mifugo ndiye mwenye uwezo wa kuilipa kuliko mtoto aliyeajiriwa kuchunga. Kifungu cha 10 kiko wazi kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa tendo lisilotokana na utashi wake wala kwa tukio la bahati mbaya, isipokuwa pale sheria yenyewe inapoadhibu uzembe. Kifungu cha 326 kinataka makusudi.

Na matokeo yake yanawaumiza wakulima kuliko mtu yeyote. Nimewahi kukaa mahakamani nikasikiliza kesi ambayo, kwa akili ya kawaida, kundi lilikuwa limeingizwa shambani kwa makusudi kabisa: uzio wa miiba ulikuwa umesogezwa na kuwekwa vizuri pembeni, jambo ambalo ng'ombe hawezi. Hakuna aliyeupiga picha. Hakuna ramani ya eneo la tukio iliyochorwa. Bwana shamba alileta taarifa ya nusu ukurasa: magunia kumi na tano, thamani shilingi kadhaa. Akaulizwa umezipataje hizo gunia, ulipima eneo kwa kitu gani? Akasema kwa macho. Akaulizwa mpunga ulikuwa umeshatoa masuke? Hakukumbuka. Mshtakiwa akaachiwa, na mimi nisingemlaumu hakimu. Mkulima alitoka pale akiamini kwamba mwenye mifugo amenunua kesi, wakati kesi ilifia mikononi mwa mpelelezi siku ile ile alipolitazama shamba akaandika "limeharibiwa" na kuondoka.

(Kwa faida ya wapelelezi: kifungu chenyewe hakitaji thamani. Mche mmoja unatosha kuwa mali. Thamani inahitajika kwa ajili ya fidia, na mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia baada ya kumtia mtu hatiani. Kwa hiyo bwana shamba asitumwe kuhesabu pesa peke yake. Atumwe kusema ameona nini.)

Kwa nini basi watu wanakimbilia jinai? Kwa sababu ni njia ya mkato, na sisi wenyewe tumeitengeneza. Mwenye mgogoro wa ardhi aanze Baraza la Ardhi la Kijiji. Akitoka hapo aende Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 limebaki na usuluhishi tu, halina tena uwezo wa kuamua. Usuluhishi ukishindikana afungue shauri Baraza la Wilaya, ambalo kwa wengi wetu ni nauli ya kwenda na kurudi, ada, na kuahirishwa mpaka uchoke. Polisi ni bure, angalau kwa maandishi. Unapewa RB, namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, siku hiyo hiyo na mpinzani wako analala ndani. Akitoka, ameshafikiria upya kama shamba lina thamani ya kulala pale tena. Wengi huliachia. Hakuna hukumu iliyotolewa, hakuna shahidi aliyesikilizwa, na ardhi imebadili mkono. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko waliofungwa, kwa sababu aliyefungwa anaweza kukata rufaa. Aliyeachia shamba mahabusu hana cha kukatia rufaa.

Wanaolitambua hilo vizuri zaidi ni wenye fedha za kununua mashamba yenye utata. Analima haraka, anapanda, anangoja mwenye hasira ang'oe.

Ninayoyaomba kwa kila ofisi ni haya.

Ndugu Mkurugenzi wa Mashtaka, ofisi yako ndiyo yenye ufunguo. Toa mwongozo kwa mawakili wa serikali wa wilaya zote: faili lolote la kifungu cha 326 linalohusu mazao, miti, uzio au nyumba iliyojengwa kwenye ardhi lisipitishwe bila ukurasa unaojibu kama mtuhumiwa alidai haki, alidai nini, na mpelelezi alifanya nini kulichunguza dai hilo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalikataza kufungua mashtaka kabla upelelezi haujakamilika, makosa makubwa yakiachwa kando. Upelelezi ambao haujauliza shamba ni la nani haujakamilika. Na kwa kesi ambazo tayari ziko mahakamani huku shauri la ardhi likiendelea kwenye Baraza la Wilaya kati ya watu wale wale, mamlaka ya kuziondoa unayo.

Afande Inspekta Jenerali, sheria inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana pale isipowezekana, kama kosa si kubwa. Kuharibu mahindi kuna dhamana. Waagize wakuu wa vituo kwamba mtu mwenye makazi yanayojulikana, mwenye mdhamini na barua ya mtendaji, asilazwe ndani kwa sababu tu leo ni Ijumaa na mpelelezi ameondoka na faili. Na waagize jambo moja zaidi kuhusu maelezo ya onyo: yaandikwe yote. Mtu akisema "nimeng'oa kwa sababu", kinachofuata baada ya "kwa sababu" kiandikwe, hata kama mwandishi anaona ni uongo. Kuamua uongo si kazi ya anayeandika.

Mheshimiwa Waziri, nyingi ya kesi hizi zinaanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako mwananchi analeta malalamiko yake moja kwa moja na hakuna wakili wa serikali wa kuyachuja. Kifungo cha juu pale ni miezi 12, na kwa mkulima miezi 12 ni msimu mzima wa kilimo. Mahakama ni mhimili unaojitegemea na siombi uwaingilie mahakimu. Naomba wizara yako izungumze na uongozi wa Mahakama kuhusu mafunzo ya mahakimu wa mwanzo juu ya kifungu cha 9, na pia itumie kampeni za msaada wa kisheria zinazozunguka mikoani kwa jambo hili hasa. Tumepata vipeperushi vizuri kuhusu mirathi na ndoa. Kuhusu kuharibu mali sijaona hata kimoja, na ndilo kosa ambalo mkulima anaweza kulitenda asubuhi moja kwa jembe lake mwenyewe, akiamini anafanya palizi ya kwao.

Wasaidizi wa kisheria tuko tayari kukaa na wapelelezi wa wilaya zetu na kuwaonyesha namna madai haya yanavyotamkwa kijijini, kwa sababu hakuna mtu anayefika kaunta akasema "nina dai la haki kwa dhati". Anasema "baba alizikwa pale". Anasema "mwembe ule nilipanda mimi". Hata bila posho tutakuja, mradi tupewe barua ya kuingilia getini na muda wa kusikilizwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Mkoa wa Morogoro.